Hatua Moja Kushoto

Siku ya karnavali Mukendi aliamka na hasira juu ya simu za Likasi nzima. Si simu ya mtu fulani, zote. Zamani sikukuu ikifika watu walipanga mstari mbele ya studio yake, wamejipaka mafuta mpaka magotini, na baba mwenye familia aliingia kwanza kuuliza kama kamera iko salama. Sasa kila mtoto ana kamera mfukoni. Ubao juu ya mlango ulikuwa bado unasema STUDIO MUKENDI, FOTO HAIDANGANYI, lakini kilichobaki kumlisha ni picha za pasipoti na picha za marehemu. Na marehemu, kama alivyozoea kusema mwenyewe, hawarudi kukuletea wateja wengine.

"Kunywa chai kwanza," mkewe Clotilde alimwambia. "Karnavali haitakimbia."

"Karnavali hapana. Mwangaza njo inakimbiaka."

Alitoka na chai ikiwa mezani. Kamati ya sikukuu ilikuwa imetangaza redioni kwamba kila mpiga picha alete picha moja, na ile itakayoshinda itachapwa kwenye kitambaa kikubwa, itundikwe ukutani pa posta ya zamani, na jina la fundi liandikwe chini yake. Fedha hakuna, jina tu. Lakini mtu aliyesahauliwa huumwa na njaa ya jina kuliko njaa ya bukari, ule ugali wa kila siku, na Mukendi alikuwa na njaa hiyo kwa miaka mingi. Hata usiku uliotangulia hakulala vizuri. Alikuwa anasafisha lenzi ndefu ambayo hakuitumia tangu harusi za watu wakubwa zilipohamia Lubumbashi.

Msafara ulianzia kwenye stesheni ya treni. Mbele ilikwenda fanfare ya shule na tarumbeta zake, nyuma yake wavunja mawe wa Kakontwe waliojipaka chokaa mpaka kwenye kope, kisha wachimbaji wa kobalti wakiwa wamewasha taa za vichwani katikati ya jua. Watu wa Mwadingusha, kunakotoka umeme wa mji, walileta bwawa la maboksi lenye balbu kileleni. Balbu ikakataa kuwaka, na avenyu nzima ikacheka, maana hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwenye kona ya majengo ya zamani, yale yenye baraza za nguzo yaliyojengwa wakati mji ukiitwa Jadotville, kwaya ya kanisa moja la uamsho ilikuwa imesimama kuiombea karnavali ife. Iliimba kwa bidii, ila ngoma zake zilikuwa zimeshaanza kufuata ngoma za karnavali, na mama mmoja wa safu ya nyuma alikuwa anakata kiuno kwa namna ya kiroho.

Mukendi alipiga picha asubuhi yote bila kupata kitu. Kila alipolenga uso mzuri, mkono wenye simu uliinuka mbele yake. Kila alipopata sehemu nzuri ya kusimama, kijana alimsukuma kwa kiwiko.

"Vieux, mzee, toka mbele," mmoja alimwambia. "Unakata vidéo yangu."

Mukendi alitoka mbele. Miaka iliyopita angemwuliza kijana huyo ni mtoto wa nani, na pengine angegundua kwamba picha ya harusi ya wazazi wake ilitoka mikononi mwake. Safari hii alivuka barabara, akaegemea nguzo ya duka lililofungwa, akaanza kujiambia kwamba ingekuwa heri angekunywa chai yake.

Ndipo wasusi wa mji walipotokea, wamevaa kitenge kimoja cha manjano, na katikati yao alikuwamo binti yake Stéphanie. Mtoto wake wa kunyonya, Jessy, alikuwa amemwacha kwa mama mkwe kwa asubuhi hiyo. Stéphanie alicheza kwa mabega, kama mama yake Clotilde alivyocheza alipokuwa msichana. Nyuma ya wasusi lilikuja kundi jingine la Kakontwe, na ukingoni mwake kijana mrefu aitwaye Rolly, mweupe kwa chokaa, alikuwa anacheka na kunyoosha mkono kupokea kifuko cha maji kutoka kwa mwuzaji. Kati yake na Stéphanie gari lingeweza kupita.

Lakini lenzi ndefu ina tabia yake, na kila mwenye kazi hiyo anaijua. Huvuta vilivyo mbali na kuvibandika mgongoni mwa vilivyo karibu. Ndani ya kamera Rolly alikuwa ameshafika begani kwa Stéphanie, na mkono wake wa chokaa ulikuwa umekaribia kiuno cha manjano. Ilibaki nafasi ndogo tu ya kuharibu picha. Mukendi aliiona nafasi hiyo. Akapiga hatua moja kushoto, na mkono ukaingia nyuma ya kiuno ukapotea huko. Mtu mweupe na mwanamke wa manjano wakawa kitu kimoja, wanacheka pamoja, na nguzo za zamani zikawa nyuma yao. Wakati huohuo Stéphanie alimwona baba yake, akaita "Papa," akafumba macho kwa kicheko. Mukendi akabonyeza.

Alijua alichofanya. Afadhali lisemwe mapema, maana baadaye wapo waliomtetea kwa kusema kwamba hakujua.

Umeme ulirudi jua lilipokuwa linazama. Mukendi aliwasha kompyuta mbiombio na Clotilde akaja kusimama nyuma yake, mikono ina unga wa bukari. Picha ilipojaa kwenye kioo wote wawili walisogea karibu. Ilikuwa nzuri, hakuna aliyeweza kukana.

"Huyu njo nani?" Clotilde aliuliza.

"Hauone? Ni Stéphanie."

"Stéphanie namuona. Nauliza huyu mwenye kumushika mu kiuno."

"Hakuna muntu anamushika. Ule kijana alikuwa mbali, alikuwa anakamata mayi. Ni lenzi njo inabaletaka pamoja."

"Weye unayua ni lenzi. Minye niko bibi ya fotografe, na nimeona mukono. Mama ya Osée yeye ataona nini?"

Osée ni mume wa Stéphanie, mchimbaji anayekaa mgodini wiki nzima na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Mama yake, mama Estelle, ndiye aliyekaa na mke wa mwanawe na mjukuu katika nyumba moja.

"Mama Estelle anashindaka mu maombi," Mukendi alisema. "Mambo ya karnavali haimuangarie."

"Kata pale, papa Stéphanie. Bakisha mutoto peke yake."

"Nikikata, foto inakufa."

"Basi ikufe."

Taa ilianza kupepesa, dalili kwamba umeme uko njiani kuondoka tena. Clotilde aliweka mkono wenye unga begani mwa mumewe. Kama umeme ungekuwa na subira, huenda Mukendi naye angekuwa nayo. Lakini Mukendi alisikia sauti ya yule kijana ikimwambia toka mbele, akaona jina lake likiandikwa kwenye ukuta wa posta, akaituma picha kwa kamati kabla giza halijawafunika. Clotilde alirudi jikoni kutafuta mshumaa.

Picha ilishinda. Waliichapa kubwa, Stéphanie akawa mrefu kuliko mlango wa posta, na chini yake waliandika PHOTO MUKENDI. Jumapili iliyofuata mwenye jina alivaa suti yake ya harusi, akaenda kusimama pale karibu, si chini yake kabisa, ila mahali ambapo mtu mwenye akili angeweza kukisia. Watu walimsalimu. Mzee mmoja alimshika mkono na kumwambia kwamba alidhani ameshakufa. Hata hilo Mukendi alilipokea kama sifa.

Mama Estelle alipita hapo akitoka kanisani, Biblia kwapani. Alisimama, akaangalia juu kwa muda mrefu.

"Foto yako ni muzuri, papa Stéphanie," alisema. "Tunaona yote."

"Aksanti, mama Osée," Mukendi alijibu, akiinama kidogo kwa furaha.

Siku zilizofuata Jessy alishikwa na homa.

Kwa watu wa asili ya Kasai, kama familia hizi mbili, hata wale ambao babu zao waliletwa na treni kufanya kazi ya shaba na wao wenyewe hawajawahi kuiona Kasai, tshibawu ni jambo lisilochezewa. Mke akishikwa na mwanamume mwingine kwa nia, hata mkono tu, anapaswa kumwambia mumewe. Akinyamaza, balaa haimwendei yeye. Inamwendea mtoto, na inapita kwenye maziwa. Kwa hiyo mama asiyekiri hanyonyeshi. Kanisani mama Estelle alikuwa mwombezi, na alikemea mila zote moja moja kwa jina. Tshibawu hakuikemea. Aliiruka tu.

Osée ndiye aliyekuja studio kumwita mkwewe. Alisimama nje ya mlango, kofia mkononi.

"Papa, bakubwa banakulomba ufike ku nyumba. Weye na mama. Mutoto iko mugonjwa."

"Mumemupeleka ku dispensaire?"

"Wanasema mambo ya nyumba kwanza." Osée aliangalia viatu vyake. "Juu ya ile foto."

Mukendi aliifunga lenzi ndefu kwenye kamera, akaitundika begani. Clotilde alitoka jikoni akifunga kichwa kwa kitambaa, wakaondoka. Njiani mwanamume mzee na mwanamume kijana walitembea sambamba bila kuangaliana.

"Weye unaamini?" Mukendi aliuliza.

"Stéphanie anasema hapana, na minye nataka kumuamini. Nalala na ile neno yake, naamka nayo. Lakini papa, ku mine, ku kazi, bantu bote iko na ile foto mu simu. Balinionyesha saa tunakula. Mumoja aliniuliza kama ile chokaa ilitoka mu nguo." Alikohoa. "Minye nilicheka nabo. Ningefanya nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu karnavali Mukendi alitamani upepo mkubwa uje uichane ile picha ukutani.

Walimkuta Théodore, kaka wa marehemu baba yake Osée, ameketi uani kwenye kiti chenye mikono. Mama Estelle alikuwa kwenye ngazi ya mlango, ameufunga mlango kwa mwili wake. Stéphanie alikaa chini, juu ya mkeka, peke yake. Ndani ya nyumba Jessy alikuwa analia kilio cha mtoto aliyekwisha kulia sana, kifupi na kikavu. Kila kilipopanda, blauzi ya Stéphanie ililowa zaidi kifuani, naye alikunja mikono kuficha. Clotilde alipoona hivyo hakusubiri kukaribishwa kiti. Alikaa mkekani pembeni mwa binti yake.

"Tumemuuliza muke wetu," Théodore alianza kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamua. "Anakatala. Tumemuuliza ule kijana wa Kakontwe. Anakatala na yeye, anasema hata hamuyue. Mwanaume gani atakubali? Basi tunakuuliza weye, kwa sababu weye njo ulikuwa na macho pale."

"Papa Théodore, kijana alikuwa mbali. Hakumugusa. Nalomba ruhusa niwaonyeshe na appareil."

Aliwaonyesha. Akili yake ilikuwa kwenye kazi, na akili ikiwa kwenye kazi husahau adabu. Alimwomba Théodore asimame karibu na bomba la maji, anyooshe mkono. Alimwomba mama Estelle abaki palepale kwenye ngazi, aangalie pembeni. Yeye akaenda mpaka barabarani, akavuta lenzi, akasogea, akabonyeza. Kisha akarudi mbio kama mwanafunzi aliyepata jibu, akawaonyesha kioo cha kamera.

Kwenye kioo Théodore alikuwa amemkumbatia mjane wa mdogo wake.

Osée aligeuza uso. Mabega yake yalitikisika, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama mambo yangeishia kwenye kicheko. Stéphanie naye aliinua kichwa. Lakini mama Estelle alitazama kioo, akajifunika mdomo kwa kanga, na Théodore akasema neno moja.

"Futa."

"Nilitaka tu muone kama—"

"Nimeona. Futa."

Mukendi alifuta. Aliporudisha kamera begani alijua kwamba amewashinda kwa hoja na amewapoteza kwa kila kitu kingine.

"Bon. Foto inaweza kuwa vile," mama Estelle alisema. "Na homa ya mutoto? Nayo ni lenzi?"

Jessy alilia ndani, akanyamaza, na kimya chake kilikuwa kibaya kuliko kilio. Stéphanie aliinuka nusu. Mama Estelle hakusogea mlangoni.

"Donc unayuaka kuifanya," Théodore alisema taratibu. "Unaweza kushikisha bantu bawili benye hawashikane. Na ile siku, uliyua?"

Hapo ndipo Mukendi alipopata nafasi yake. Alimwona Clotilde akimtazama, na unga ule wa siku ile akausikia tena begani.

"Eyo," alisema. "Niliyua. Kulikuwa fasi kidogo kati yao. Nilisogea mwenyewe, mukono ukaingia. Minye njo nilifanya. Kama kuna mwenye kosa, mwenye kosa ni minye."

"Juu ya nini ulifanya vile?"

Mukendi alitafuta sababu kubwa, sababu ambayo mtu mzima angeweza kuisema uani kwa watu bila aibu. Hakuipata.

"Ili ikuwe muzuri," alisema.

Théodore alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Papa Stéphanie, baba gani ataweka mutoto wake mwenyewe mu haya, mbele ya mji muzima, ili foto ikuwe muzuri? Hakuna. Unasema vile juu ya kumuficha mutoto. Baba muzuri anafanyaka vile. Minye nakuheshimia hapo. Lakini siwezi kukuamini."

Katika maisha yake Mukendi alikuwa amesema uongo mdogo mwingi na wote uliaminiwa. Aliwahi kumwambia bibi harusi mwenye meno mabovu kwamba ametoka vizuri, akaaminiwa. Siku aliyosema kweli chafu, ya kumwaibisha, walimsifu kwa uongo. Alifungua mdomo tena, lakini binti yake alikuwa ameshasimama.

"Papa, nyamaza sasa," Stéphanie alisema.

Alikuwa amesikia kile kimya cha ndani. Wengine pia walikuwa wamekisikia, ila hakikuwaumiza kifuani.

"Ni kweli," alimwambia Théodore. "Alinishika. Na minye nilinyamaza, sikumuambia bwana yangu." Sauti yake haikutetemeka. Alisema kama mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa ukutani, na kwa kweli aliyakuta yameandikwa. "Ni vile mulivyoona. Foto haidanganyake."

Mama Estelle alisogea mlangoni. Stéphanie alipita nusura akimbie, na baada ya kitambo kidogo walimsikia mtoto akimeza kwa pupa, akikohoa, akimeza tena. Clotilde aliweka uso kwenye magoti yake akalia. Osée alikuwa bado amesimama palepale, kofia mkononi, lakini sura yake ilikuwa imebadilika. Aliyekuwa anasitasita ameacha kusitasita.

Mukendi alimfuata.

"Osée, mwanangu. Yenye amesema, amesema juu ya mutoto. Unayua."

"Papa, minye nilikuwa namungoyea yeye," Osée alijibu bila hasira. "Ningemuamini yeye hata mbele ya bantu bote. Sasa amesema mwenyewe. Nimesikia na masikio yangu."

Jioni ileile walimpeleka Jessy dispensari. Muuguzi alimchoma kidole, akasema ni malaria, akatoa dawa. Mama Estelle alimsikiliza kwa adabu na kubeba dawa mwenyewe. Homa ilipoondoka, kila mtu alijua kilichoiondoa, ila si wote waliotaja kitu kilekile.

Clotilde alinunua sokoni kuku mweupe wa kusafisha kosa, kwa kuwa mila inataka atoke upande wa mwanamke. Asubuhi ya kumaliza neno, Mukendi aliwahi kufika na kumkuta Stéphanie peke yake bombani, anaosha sahani. Alisimama karibu naye kama mteja asiyejua aanzie wapi.

"Haukupashwa kusema ile, mama," alimwambia. Alimwita mama tangu utoto wake, kwa sababu binti huyo alipewa jina la mama mzazi wa Mukendi.

"Mutoto alikuwa ameacha kulia, papa."

"Ningewaeleza tena. Polepole wangesikia."

"Uliwaeleza. Balisikia." Stéphanie alisuuza sahani, akaiweka juani. "Papa, ile siku nilikuona. Nilikuona unasogea, unatafuta na appareil. Nilifikiri unanitafuta minye. Njo maana nilicheka."

Mukendi alitaka kusema kwamba alikuwa anamtafuta yeye. Uongo huo mmoja angeupenda kuliko wote. Lakini ulikataa kutoka, na binti yake alikuwa ameshainama kuchukua sahani nyingine.

Neno lilimalizwa vizuri, kama wasemavyo. Théodore alimpaka Stéphanie pemba, ule udongo mweupe wa mila, kwenye paji la uso, akampaka na Osée, akaongea juu ya nyumba na amani yake. Kuku alichinjwa, akapikwa, akaliwa na pande zote mbili. Mama Estelle alimwekea Mukendi paja, jambo la heshima, naye alilitafuna bila kulisikia ladha. Majuto ni mjukuu, husema Waswahili. Huyu wake alikuwa amekaa mbele yake mapajani mwa mama yake, amepona, ananyonya kidole.

Walipomaliza kunawa mikono Théodore alipata wazo, na likamfurahisha.

"Papa Stéphanie, appareil yako iko wapi? Tufanyie foto moja. Tutatuma ku Kasai, ku Mbuji-Mayi, bakubwa ba kule baone kama neno ilikwisha."

Kamera ilikuwa begani mwake; hakuwa amejiuliza kwa nini aliileta. Aliwapanga watu kama alivyopanga watu maisha yake yote: Théodore na mama Estelle kwenye viti vilivyoachana vya kutosha, Clotilde pembeni, nyuma Osée na Stéphanie, na Jessy mikononi mwa mama yake.

"Osée, sogea karibu ya bibi yako," Théodore aliamuru bila kugeuka. "Mushike. Hauko ku mazishi."

Osée alisogea. Aliinua mkono wake upande wa mgongo wa Stéphanie, akaupeleka, ukafika karibu, ukasimama. Haukuwa mkono wenye chuki. Ulikuwa unajaribu. Kati ya vidole vyake na kitenge cha Stéphanie ilibaki nafasi ndogo, na mwanga wa jua ulipita hapo.

Mukendi aliiona ndani ya kamera. Hakuna mwingine uani aliyeiona, isipokuwa wale wawili wenyewe. Alisubiri. Alijiambia atasubiri mpaka mkono ufike, hata kama itachukua siku nzima.

"Papa, tunaungua na jua," mama Estelle alisema.

Basi Mukendi akapiga hatua moja kushoto. Nafasi ikaziba, mkono ukaingia nyuma ya kiuno, na mume na mke wakawa kitu kimoja. Stéphanie alikuwa anamtazama moja kwa moja kwenye lenzi. Aliiona ile hatua, na hakucheka.

Akabonyeza. Théodore alikuja kuangalia kioo, mikono nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Voilà," alisema. "Hii njo foto."